Kulifundisha Gongo

Misimu kumi na mmoja nimepigia gongo la klabu,
lile la mkobani, mpini umevikwa utepe
juu ya utepe, kama kidole cha mwashi.
Cha kuazima hakisitiri: alama yangu kubwa
ni kumi na saba, na nne kati yake
zilitoka kisiginoni mwa gongo
nikiwa nimefumba macho.

Mwaka huu nikasema basi.
Fedha zilikuwa za mifereji ya paa.
Lorna alizihesabu mezani, akanisukumia,
akaweka ndoo ngazini chini ya tone.
Hakusema neno. Ndoo ilisema.

Duka la Haslam liko nyuma ya kiwanda cha nguo
kilichofungwa kabla sijazaliwa.
Ndani kunanuka mafuta ya kitani na chai iliyopoa.
Magongo yamepangwa ukutani kama wanafunzi waliochelewa.
Nikaliendea moja kwa moja lile nene, la kifua kipana,
nyuzi kumi na mbili zimenyooka
kama suruali ya bwana harusi.
Haslam akanitazama viatu.
"Unaingia wa ngapi?"
Wa tisa.
"Kazi?"
Napeleka barua.
"Hilo mwachie mwenye mabega."

Akaanza kuyagonga kwa mpira uliotiwa ndani ya soksi,
moja moja, sikio limeinama.
Hili: du. Hili: du.
La tatu likasema kitu kingine,
kama mlango unaofunguka chumba cha pili.
Sura yake mbaya: nyuzi sita, zote zimepinda,
na doa la hudhurungi begani.
"Mwerebi huu uliota karibu mno na kijito," akasema,
"ulikunywa kupita kiasi. Lakini sikiliza."
Nikaliinua. Mkono wa juu ukaongoza,
wa chini ukakaa kama mgeni.
Uzito wa mkoba wangu
nikibakisha mtaa mmoja.

Gongo jipya halijui kitu.
Hupakwa mafuta, hulazwa kutwa,
kisha nyundo ya mti, saa sita kwa jumla, taratibu,
kingo kwanza.
Usiku wa tatu ukuta ukanijibu: ngo, ngo, ngo.
Asubuhi Edna Tattersall, jirani, miaka themanini na mmoja,
kasimama kizingitini na gauni la kulalia.
"Unampiga nani?"
Nikamwonyesha. Akalipapasa kama mtu anayechagua kitambaa;
alifuma kiwandani miaka ishirini.
"Mchana silali. Niachie nyundo."

Basi mimi nikigawa barua, yeye akigonga.
Aliponirudishia, uso ulikuwa umebonyea kidogo,
kidogo tu, pale pale panapotakiwa.

Jumamosi. Uwanja wa mteremko,
kondoo nyuma ya ukuta wa mawe.
Nikaingia na gongo jeupe kama jino la maziwa.
Mpira wa kwanza haukuwa wangu.
Zulqarnain aliukwangua pembeni, akaita:
Njoo! Hapana! Njoo!
Nilikuwa katikati ya safari vijiti vilipoanguka.
Nimetoka. Sijagusa hata upepo.

Ova iliyofuata gongo lake likapasuka.
Akatazama upande wetu, aibu imemjaa,
na mkoba wa klabu ulikuwa na lile la utepe tu.
Nikampelekea langu.
Tulipishana macho kama watu wawili
waliokanyagana kanisani.

Arobaini na tatu. Mmoja ulivuka paa la chumba cha chai,
na mama wa sandwichi akatoka kuona ni nani.
Tulishindwa kwa mikimbio sita.

Edna alikuwa dirishani.
"Limesema nini?"
Nikamgeuzia uso: wekundu umesongamana mahali pamoja,
upana wa sarafu.
Si wangu, nikamwambia, ni wa Zulqarnain.
Hakunisikia, au hakujali.
Aliweka kidole gumba juu yake, kikaufunika wote.
"Hapa," akasema, "nilikaa siku mbili."

Mvua ikaanza.
Nikakumbuka ndoo.